Kabla Hujamlipa Mwalimu wa Mafanikio wa Mtandaoni

Miaka michache iliyopita nililipa Sh 85,000 kwa kozi ya kujifunza kuuza bidhaa mtandaoni. Aliyeiuza alikuwa kijana mchangamfu, mwenye gari jeupe lililoonekana katika kila video yake, na hakuchoka kurudia kwamba amekwisha kuwatoa mamia ya watu katika umaskini. Baada ya kutuma fedha niliingizwa katika kundi la WhatsApp na kutumiwa kijitabu cha kurasa 22. Kurasa nane za kwanza zilihusu fikra chanya na umuhimu wa kuamka saa kumi alfajiri. Ukurasa wa tisa ulinitaka nichague jambo lolote ninalolifahamu, nilitungie kijitabu, nipige picha nikiwa mahali pazuri, kisha nikiuze kijitabu hicho kwa watu wanaotaka kufanikiwa. Hapo nikacheka peke yangu, kwa kuwa nilielewa kwamba biashara niliyokuja kufundishwa ndiyo ile ile niliyokwisha kufanyiwa.

Tangu siku hiyo kuna swali moja ninaloliuliza kabla ya mengine yote: mtu huyu anaishi kwa kazi anayoifundisha, au anaishi kwa kuifundisha? Kuishi kwa ualimu si dhambi. Mwalimu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, anayefundisha kuchomelea vyuma analipwa mshahara kwa kufundisha, wala hajidai kwamba ametajirika kwa kutengeneza mageti. Tatizo huanza pale mtu anapokuonyesha nyumba, gari na safari za Dubai akikuambia kwamba vimetokana na kilimo, foreksi (biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni) au duka la mtandaoni, ilhali vimetokana na ada za watu kama wewe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulijibu swali hilo mwenyewe, bila kumtegemea yeye akupe jibu.

Anakula wapi?

Chukua karatasi uorodheshe kila kitu ambacho mhusika amekiuza katika siku 30 zilizopita kama kinavyoonekana kwenye kurasa zake: semina, kitabu, kozi, ushauri wa ana kwa ana, kundi la kulipia, bidhaa anazozitangaza, na viungo anavyokuhimiza ujiandikishe kupitia kwake. Kisha piga makadirio. Kundi la watu 1,000 wanaolipa Sh 30,000 kila mwezi humwingizia mwenye kundi Sh milioni 30 kwa mwezi. Semina ya watu 300 kwa kiingilio cha Sh 50,000 huleta Sh milioni 15 kwa siku moja, kabla ya kulipia ukumbi na chai. Ukiona kwamba mapato hayo peke yake yanatosha kununua lile gari analojivunia, basi gari hilo halithibitishi chochote kuhusu mbinu anayoifundisha. Tena hapo nimemkirimu, kwa kuwa magari hukodishwa, na vyumba vya hoteli hupangwa kwa saa chache za kupigia picha.

Katika foreksi mapato ya mwalimu yamejificha zaidi. Mtu anayekutaka ufungue akaunti kwa dalali fulani kupitia kiungo chake mara nyingi hulipwa na dalali huyo kwa kila mteja anayemleta, au kwa kila muamala mteja anaoufanya, awe amepata au amepoteza. Akikuhimiza ufanye miamala kumi kwa siku, jiulize kumi hiyo inamfaa nani. Mwaka 2018 ESMA, mamlaka ya Ulaya inayosimamia masoko ya dhamana, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida wanaofanya biashara ya CFD (mikataba ya kubashiri kupanda au kushuka kwa bei bila kumiliki mali yenyewe), ambamo foreksi ya rejareja imo, hupoteza fedha. Na tangu wakati huo madalali wa huko wamelazimika kuandika kwenye matangazo yao asilimia ya wateja wao wanaopata hasara. Kwa hiyo, dalali anayetajwa na mwalimu wako akiwa na tovuti kwa ajili ya wateja wa Ulaya, ifungue usome ule mstari mdogo ulio juu au chini ya ukurasa. Nchini Brazili, watafiti waliowafuatilia watu walioanza biashara ya kununua na kuuza mikataba ya soko la hisa ndani ya siku moja walikuta kwamba kati ya wale waliovumilia kwa zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipata hasara. Hao ndio waliokomaa. Usidanganywe kwamba wanaoshindwa ni wale waliokata tamaa mapema.

Ushahidi wa skrinshoti nao usikutishe. Programu ya MetaTrader, ambayo wengi wao huitumia, humruhusu mtu yeyote kufungua akaunti ya majaribio yenye dola za bandia. Nilijaribu mwenyewe: nikajiwekea dola 100,000, nikafungua miamala kadhaa kwa kubahatisha, nikasubiri mmoja uingie kwenye faida, nikapiga picha ya kioo cha simu na kumtumia shemeji yangu bila maelezo. Haikupita dakika moja akajibu, "Shemeji, kumbe una hela zote hizi na umekaa kimya?" Ilinibidi nimpigie simu kumtuliza. Meseji za M-Pesa zinazoonyeshwa kama ushahidi wa malipo hutengenezwa kwa urahisi huo huo.

Ipo mbinu nyingine ambayo haihitaji hata kughushi picha, na inatumika katika makundi ya ishara za foreksi na katika makundi ya mikeka ya kubeti. Mtu anakusanya watu 1,600. Nusu anawatumia ujumbe kwamba bei itapanda, nusu nyingine kwamba itashuka. Bei ikipanda, anawaacha wale 800 alioelekeza vibaya na kuwagawa tena waliobaki. Baada ya mara tano wanabaki watu 50 ambao wameshuhudia kwa macho yao utabiri uliotimia mara tano mfululizo, nao hawajui kwamba wenzao 1,550 waliona kinyume. Hao 50 ndio wanaoombwa walipie kundi la VIP, na watakuwa tayari kuapa kwamba bwana yule hakosei. Kwa sababu hiyo ushuhuda wa mtu unayemwamini, hata rafiki asiyejua kusema uongo, hautoshi. Rafiki anaeleza alichokiona, lakini hakuonyeshwa yote.

Piga upya hesabu zake

Wasomaji wa Tanzania watakuwa wamekutana na kile ambacho watu wamekipa jina la kilimo cha kwenye karatasi. Tikiti maji ndilo zao lake kuu. Mwandishi anakuambia kwamba ekari moja huchukua miche 4,000, kila mche huzaa matunda mawili, na kila tunda huuzwa Sh 1,500. Hivyo utavuna matunda 8,000 na kupata Sh milioni 12 kwa muda wa siku 80 hadi 90. Kuzidisha kwake hakuna kosa. Kosa limo katika yale ambayo hayakuandikwa.

Keti na mtu aliyewahi kulima tikiti kweli, iwe Mkuranga, Bagamoyo au Kilwa, umsikilize. Atakuambia kwamba miche haioti yote, na inayoota hailindwi na dua peke yake. Kuna nzi wa matunda anayetoboa tunda likiwa dogo likaozea shambani, kuna ubwiri unga, kuna pampu inayoharibika wiki ambayo mmea unahitaji maji kuliko wakati wowote, na kuna kijana wa ulinzi anayetakiwa kulipwa mavuno yakiwepo au yasiwepo. Mche ukibeba matunda mawili, mara nyingi moja huwa dogo ambalo mnunuzi hulitupa pembeni. Lori likifika soko la Mabibo au Buguruni, Dar es Salaam, siku ambayo malori mengine kumi yamekwisha kufika, dalali ndiye anayekutajia bei, wewe ukiwa umesimama na tunda lisilovumilia kusubiri. Anayepata bei nzuri ni yule aliyepanga mavuno yake yaangukie Ramadhani, na wote wanaolijua hilo hupanga hivyo hivyo.

Sasa zirudie zile hesabu kwa mkono wako. Tuseme kati ya miche 4,000 imefika 2,500, kila mmoja umetoa tunda moja linalouzika, na bei ya shambani ni Sh 700. Mapato ni Sh 1,750,000, na hapo bado hujatoa mbegu, dawa, mbolea, mafuta ya pampu, vibarua na kodi ya shamba. Sisemi kwamba hesabu yangu ndiyo sahihi. Msimu mzuri utaishinda, na msimu mbaya utaifanya ionekane ya matumaini. Ninachotaka uone ni kwamba mabadiliko matatu tu, yote ya kawaida kabisa, yameziondoa zaidi ya Sh milioni 10 kwenye karatasi. Mwalimu asiyekuonyesha safu ya gharama na safu ya mabaya yanayoweza kutokea hajakufundisha kilimo. Angalia pia anauza nini mwishoni mwa maelezo yake: mbegu, pampu, kijitabu, au huduma ya "kukulimia" wewe ukiwa mjini.

Kenya ina mfano wake, nao si wa karatasi tu. Kati ya mwaka 2013 na 2014 watu wengi walijitosa katika ufugaji wa kware baada ya kuambiwa kwamba mayai yake ni tiba ya maradhi mengi na kwamba yai moja huuzwa hadi shilingi 100 za Kenya. Wengine walikopa, wakajenga mabanda, na kutafuta kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kwa sababu kware alihesabiwa kuwa ndege wa porini. Kwa muda, fedha zilionekana kweli, kwa kuwa kila mfugaji mpya alilazimika kununua ndege na mayai ya kutotolesha kutoka kwa waliomtangulia. Wafugaji wapya walipokwisha, ikabainika kwamba walaji wa mayai hayo walikuwa wachache mno, na bei ikaanguka mwaka 2014. Kwa hiyo, kila unapoambiwa kwamba bidhaa ina soko kubwa, uliza mnunuzi wa mwisho ni nani: anayekula, anayevaa au anayetumia, au ni mtu mwingine aliyehudhuria semina kama yako.

Na kwa wale wanaoahidi faida ya asilimia kwa mwezi, kikokotoo cha simu kinatosha. Chukua Sh 100,000 uiongezee asilimia 30 kila mwezi bila kutoa chochote. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na takriban Sh milioni 2.3, baada ya miaka miwili, takriban Sh milioni 54, baada ya mitatu, zaidi ya Sh bilioni 1.2. Mwenye siri ya namna hiyo angekopa laki moja kwa jirani, akanyamaza miaka mitatu. Asingekuwa anapanga viti ukumbini Jumamosi asubuhi. Kwa kulinganisha, hatifungani (dhamana ya kuikopesha serikali) ya Serikali ya Tanzania ya miaka 25 imewahi kutolewa kwa riba ya asilimia 15.95, na hiyo ni kwa mwaka mzima.

Kagua akaunti, jina na leseni

Sehemu hii ni ya kazi ya mikono na haichukui hata nusu saa. Kwenye Instagram, fungua ukurasa wa mhusika, bonyeza vidoti vitatu, kisha uangalie maelezo kuhusu akaunti hiyo: kwa akaunti nyingi utaona tarehe ilipofunguliwa na kama imewahi kubadilisha jina. Anayesema amefundisha kwa miaka kumi huku ukurasa wake ukiwa ulianza juzi kwa jina la umbea wa wasanii, ana la kueleza. Picha ya nyumba au ya "mwanafunzi aliyefanikiwa" ipitishe kwenye utafutaji wa picha wa Google uone imetokea wapi kwanza. Kama anatangaza kwa kulipia, Meta ina maktaba ya matangazo iliyo wazi kwa kila mtu, na humo utaona ukurasa wake unatangaza nini kwa sasa.

Halafu njoo kwenye usajili. Hapa watu wengi huteleza, kwa kuwa huonyeshwa cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara nchini Tanzania, au namba ya mlipakodi wakaridhika. Cheti cha BRELA kinathibitisha kwamba jina au kampuni imesajiliwa, basi. Hakimruhusu mwenye kampuni kupokea amana za watu wala kuwawekezea fedha. Kupokea amana ni jambo la leseni ya Benki Kuu. Kusimamia uwekezaji katika hisa, hatifungani na mifuko ya pamoja kuko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Nchini Kenya, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji huchapisha orodha ya wenye leseni, wakiwemo madalali wa foreksi ya mtandaoni. Tafuta jina kamili katika orodha hizo kwa kufungua tovuti za mamlaka wewe mwenyewe, si kupitia kiungo ulichotumiwa kwenye kundi.

Sikiliza anavyojibu

Muulize mhusika, kwa adabu na kwa maandishi, maswali kama haya: Mwaka jana ulipata kiasi gani kutokana na kazi hii yenyewe, ukiacha mafunzo? Ni wanafunzi wangapi waliojiunga, na wangapi bado wanaifanya? Lini uliwahi kupata hasara, na ya nini? Mtu wa namna gani hapaswi kabisa kuingia humu? Mwalimu wa kweli hulifurahia swali la mwisho, kwa sababu amekwisha kuwaona watu hao. Mwingine atakuondoa kwenye kundi, au atakujibu kwamba una fikra za kimaskini.

Jibu hilo la fikra za kimaskini linastahili kutazamwa kwa karibu. Limetengenezwa ili mbinu isipate lawama hata siku moja: ukifanikiwa, ni kwa sababu ya kozi, ukishindwa, ni kwa sababu hukuamini vya kutosha. Kwa watu wa imani huvikwa kanzu nyingine. DECI, upatu uliofungwa na serikali ya Tanzania mwaka 2009 na ambao viongozi wake kadhaa walitiwa hatiani mwaka 2013, ilikusanya fedha za maelfu ya watu kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, na kuhoji kukaonekana kama kumkosea Mungu. Siku hizi madhabahu imehamia kwenye simu, lakini maneno ni yale yale.

Kuna pia hadithi za matajiri. Utaambiwa kwamba Bill Gates aliacha shule. Aliacha chuo, tena Harvard, mwaka 1975, akiwa mtoto wa wakili, na mwaka 1968 yeye mwenyewe alikuwa anasoma katika shule ya binafsi ya Seattle iliyokuwa na mashine ya kuunganisha wanafunzi na kompyuta. Hadithi ya Said Salim Bakhresa nayo husimuliwa ikianzia kwenye viazi alivyouza baada ya kuacha shule na kuishia kwenye boti na malori ya Azam, huku miongo yote ya katikati ikirukwa. Anayekuuzia hadithi ya mtu mwingine mwulize ya kwake, pamoja na miaka na tarakimu.

Waswahili walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ingawa mimi sikubaliani nao kikamilifu: siku hizi hata kizuri lazima kitangazwe. Wapo wafundishaji wa mtandaoni wanaojua kazi yao, hasa mafundi, wapishi na wafugaji wanaoonyesha kila hatua, pamoja na keki iliyoungua na kuku waliokufa kwa kideri. Kabla ya kumlipa mtu usiyemjua, pita pia kwa afisa ugani wa kata yako, au ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kama unataka kujifunza usindikaji. Hawana magari meupe, na baadhi yao itabidi uwasubiri.

Ukiwa umekwisha kulipa

Acha kutuma fedha zaidi, hata ukiambiwa kwamba imebaki ada ndogo ya "kufungua" faida yako. Ada hiyo huwa haina mwisho. Piga simu huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu mara moja na uombe muamala urejeshwe, kwa kuwa nafasi ipo tu wakati fedha hazijatolewa. Hifadhi meseji za malipo, jina lililotokea wakati wa kutuma, namba zote, na skrinshoti za mazungumzo kabla hujaondolewa kwenye kundi. Nchini Tanzania namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040, kisha nenda kituo cha polisi ukafungue taarifa na kuchukua RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Usione haya kwenda. Waathirika wengi hukaa kimya kwa kuwaogopa wenzi wao na ndugu, na ukimya huo ndio unaompa mhusika msimu mwingine.

Na ukieleza kisa chako hadharani, jiandae kupokea ujumbe wa mtu anayejitambulisha kuwa mtaalamu wa kurejesha fedha zilizotapeliwa. Atakuwa na picha nzuri, ushuhuda wa watu waliorejeshewa, na ada ndogo ya kufungua jalada. RB hutolewa bure.